Kuta Zilizonyamaza: Kijiji cha Shela na Usomaji wa Al-Inkishafi

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango; sharti mtu afungue aingie ndani. Methali hii, ambayo aghalabu hutumiwa kuwaonya wanaowapima wenzao kwa sura, ina ukweli wa moja kwa moja, usio wa kitamathali, katika miji ya mawe ya pwani ya kaskazini ya Kenya. Huko nyumba ya muungwana haikujipamba nje. Ukuta uliotazama kichochoro ulikuwa mtupu, bila dirisha la kumpa mpita njia cha kutazama. Mlango peke yake ndio uliotiwa nakshi. Baada ya hapo, kadiri mtu alivyoruhusiwa kupenya, kutoka daka hadi kiwandani, kutoka kiwandani hadi msanani, ndivyo mapambo yalivyozidi, mpaka akafikia chumba cha ndani, ambako ukuta mzima ulitandazwa plasta ya chokaa na kuchongwa safu juu ya safu za vidaka, au zidaka kama wenyewe wasemavyo kwa Kiamu. Humo viliwekwa vyombo vya kauri vilivyoletwa na majahazi kutoka mbali. Sanaa bora kuliko zote ndiyo iliyofichwa kuliko zote, na aliyeiona alikuwa amekubaliwa kuwa mtu wa nyumba hiyo.

Katika kijiji cha Shela, kilichoko mwendo wa kilomita tatu hivi kutoka mji wa Lamu, utaratibu huo umegeuzwa. Shela ni kijiji cha mapumziko ya baharini, na ukuta wa ndani ndio uliotangulia kutoka nje. Picha ya vidaka imeingia katika vitabu vikubwa vya picha, katika matangazo ya nyumba za kupangisha, na katika kumbukumbu za wageni waliolala chini ya ukuta huo usiku mbili tatu kisha wakaondoka. Kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili, geuzo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa ukuta huo umo pia katika mojawapo ya matini kuu za lugha hii. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, una vidaka ndani yake. Inafaa basi kuuliza: ukuta uliokuwa sehemu ya matini husomwaje pale matini yenyewe inapokuwa haisikiki tena karibu nao? Na kwa upande wa pili, matini husomwaje na watu wasiopata kuuona ukuta?

Historia ya Shela haitenganiki na maswali haya. Kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji, mababu zao walivuka mkono wa bahari kutoka kisiwa cha Manda, na hasa kutoka Takwa, mji uliokuwa umekwisha kuhamwa kufikia mwanzo wa karne ya 18. Hata sasa watu wa Shela huvuka kwenda Takwa kulizuru kaburi la mnara lililoko huko na kuomba mvua. Yaani hiki ni kijiji ambacho tangu asili yake kimekuwa na gofu ng'ambo ya maji, na ambacho kimejiwekea wajibu wa kulikumbuka gofu hilo kwa dua.

Takriban mwaka 1812, majeshi ya Pate yakishirikiana na Wamazrui wa Mombasa yaliteremka katika ufuo wa Shela ili kuutiisha mji wa Lamu. Yalishindwa vibaya. Masimulizi yasema kwamba maji yalikupwa, majahazi yakabaki juu ya mchanga, na waliokimbilia ufuoni hawakupata pa kupandia. Baada ya ushindi huo viongozi wa Lamu, kwa kuhofia kisasi, waliomba himaya ya Sayyid Said wa Omani, na ngome ya Lamu ikakamilishwa mnamo mwaka 1821. Zama hizo zilikuwa pia zama za vita vya maneno. Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu, aliyekuwa kiongozi na mshairi, na Muyaka bin Haji wa Mombasa, ni miongoni mwa waliolitumia shairi kama silaha ya siasa. Msomaji wa diwani ya Muyaka iliyohaririwa na William Hichens mwaka 1940, au wa uchunguzi wa Mohamed H. Abdulaziz uliotoka mwaka 1979, hana budi kutambua kwamba ufuo ambao leo mtalii huutandikia taulo ulikuwa uwanja uliogombewa kwa panga na kwa vina pia.

Shela ilistawi baada ya vita hivyo. Msikiti wake wa Ijumaa, wenye mnara mweupe uliochongoka unaoonekana tangu mbali baharini, ulijengwa mwaka 1829. Nyumba za mawe zikaongezeka. Tarehe hizi zina maana zikiwekwa sambamba na za utenzi. Sayyid Abdalla anakadiriwa kuishi kati ya miaka ya 1720 na 1820, na Al-Inkishafi inaitazama Pate ikiwa tayari imeporomoka. Hivyo kizazi kilichojenga Shela kilikuwa kikichanganya chokaa yake wakati ambapo mji wa jirani, ule ule ulioshindwa katika ufuo wao, ulikuwa umekwisha kutungiwa utenzi wa magofu yake. Kilichonga vidaka kikijua yaliyovipata vidaka vya wenzao.

Umbo la utenzi huo linajulikana kwa kila mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili. Ubeti una mishororo minne, kila mshororo una mizani kumi na moja, na mapumziko huangukia baada ya mizani ya sita. Mishororo mitatu ya kwanza hutoshana vina, na vina hivyo hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti. Mshororo wa nne hurudi daima katika kina kimoja kisichobadilika tangu mwanzo wa utenzi hadi mwisho. Yamkini hakuna mlinganisho bora wa muundo huo kuliko ukuta wa vidaka wenyewe. Vyombo vilivyomo katika vidaka hutofautiana, hiki cha samawati, kile cheupe, lakini fremu ya plasta inayovizunguka hujirudia kwa kipimo kile kile, na jicho likisafiri toka kidaka hadi kidaka hupumzika pale pale. Si lazima kudai kwamba mshairi alikusudia mfanano huo. Yatosha kusema kwamba mtunzi na fundi walilelewa katika ujumi mmoja, ambamo uzuri ulitokana na marudio yenye mpaka.

Maudhui ya utenzi huo nayo yanafahamika. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, anaukemea kwa kupumbazwa na dunia, kisha anauonyesha ushahidi: matajiri wa Pate, taa zao, vyombo vyao, vitanda vyao, na kisha nyumba zao baada ya kifo. Vidaka vilivyokuwa vikitiwa vyombo vya kauri sasa vimelaliwa na makinda ya ndege. Bundi wanakoroma katikati ya nyumba, popo wananing'inia juu, buibui wametanda. Wahakiki wengi wameyatazama maelezo haya kama picha, na ni picha kwelikweli. Lakini katika maelezo hayo hayo mshairi anataja jambo ambalo halijapewa uzito unaolistahili, nalo ni kwamba hapasikiki sauti ya mtu. Uharibifu wa Pate katika utenzi huo unapimwa kwa sikio pia. Kuta zimo, walau baadhi yake. Kilichotoweka kwanza ni uzungumzi uliokuwa ukizijaza.

Jambo jingine la kuzingatia ni nani anayeingizwa ndani. Katika uhai wa nyumba hiyo msomaji wa kawaida asingefika katika chumba cha vidaka. Mshairi anamfikisha huko baada ya wenyewe kuondoka. Kuonekana kwa ukuta wa ndani, katika mantiki ya Al-Inkishafi, ni dalili ya msiba: ukiona vidaka vya watu bila kukaribishwa, jua wamekwisha kufa. Msomaji akiibeba mantiki hiyo mpaka Shela ya leo, ambako vidaka vimeonyeshwa kwa ulimwengu mzima, hawezi kukosa kushtuka.

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alishtuka hivyo miaka michache iliyopita. Alikuwa mzaliwa wa bara, na utenzi huo aliupata darasani katika nakala ya fotokopi iliyofifia pembeni. Alipouliza kidaka ni kitu gani, alichorewa mstatili ubaoni akaambiwa ni kama rafu iliyochongwa ukutani. Maelezo hayo hayakuwa na kosa, naye akaandika insha nzuri kuhusu jazanda za uharibifu, akapata alama alizostahili. Hata hivyo tasnifu yake ilipofikia hatua ya kiambatisho, aliona haya kuandika kurasa nyingi kuhusu kitu ambacho hajawahi kukiona. Akasafiri mpaka Lamu kwa basi na mashua, na kesho yake akatembea kwa miguu hadi Shela, kamera mkononi na fotokopi mkobani.

Nyumba ya kwanza aliyoruhusiwa kuingia ilikuwa katika ukarabati. Mwenyewe hakuwapo, na hakuwa mtu wa nchi hii. Katika chumba cha ndani alimkuta fundi mzee akichonga plasta ambayo ilikuwa bado mbichi, chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, kwa kisu kidogo ambacho makali yake yalikuwa yameliwa na kazi. Safu tatu za chini zilikuwa tayari. Katika safu za juu palikuwa pameachwa nyaya nyembamba za taa za umeme.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Alipiga picha alizozijia. Kisha fundi akamuuliza ile karatasi aishikayo ni ya nini, naye akamwambia ni utenzi, akamsomea ubeti ule wa vidaka. Aliusoma kama alivyofundishwa kusoma mtihanini, kwa pumzi moja toka mwanzo wa mshororo hadi mwisho. Kisu kilisimama. Mzee akaurudia ubeti ule ule bila karatasi, kwa sauti ya chini iliyokuwa nusu ya kuimba, na baada ya kila mizani ya sita akatua kidogo, kisha akamalizia tano zilizobaki kana kwamba anateremka kidaraja. Mwanafunzi alikuwa ameandika kuhusu mapumziko hayo katika sura ya pili ya tasnifu yake. Hakuwa amepata kuyasikia.

Mzee alikuwa na beti nne tu, naye hakuwa nazo kwa mpangilio wa kitabu. Alizipata kwa mamake, aliyekuwa akizisema wakati wa kazi za nyumbani. Jina la mshairi alilijua. Toleo la Hichens la mwaka 1939 na lile la James de Vere Allen la mwaka 1977 hakupata kuyasikia, wala hapakuwa na sababu ya kuyasikia. Katika mshororo mmoja neno lake lilitofautiana na neno la kitabuni. Mwanafunzi alitaka kumsahihisha, akajizuia, akaandika pembeni mwa fotokopi.

"Hiyo ni nyumba ilokufa," mzee akasema, akiashiria karatasi.

"Na hii, mzee?"

Akautazama ukuta wake kwa muda. "Hii i hai, mwanangu. Lakini haina mtu. Mwenye nyumba huya Disemba, kisa hwenda zake."

Ingekuwa rahisi kukomea hapo na kutoa hukumu, na hukumu za namna hiyo si haba katika maandishi kuhusu pwani. Lakini hapana budi kuutazama upande wa pili. Kazi ile ya mzee ilikuwapo kwa sababu ya mwenye nyumba yule wa Disemba. Ustawi wa Shela wa karne ya 19 haukudumu, na kufikia katikati ya karne ya 20 baadhi ya nyumba zake zilikuwa magofu yasiyo na paa. Hoteli iliyoko ufuoni ilifunguliwa mwaka 1967 kwa jina la Peponi, na katika miongo iliyofuata wageni wakanunua magofu hayo moja baada ya jingine na kuyajenga upya. Mafundi wa chokaa, wachongaji wa milango, manahodha na wapishi wakapata kipato. Ufundi wa kuchonga plasta, ambao wenyeji wenyewe hawakuwa tena na uwezo wa kuugharamia, ulipata mteja. Kama ukuta ule ungengoja msomaji wa Al-Inkishafi aujenge, ungengoja sana.

Jina Peponi lenyewe lina somo kwa mwanafunzi wa lugha. Pepo ni makao ya wema baada ya kiyama. Pepo ni wingi wa upepo. Na pepo ni kiumbe asiyeonekana ampandaye mtu kichwani. Mgeni husikia maana ya kwanza, nahodha husikia ya pili. Sayyid Abdalla, ambaye utenzi wake wote unahusu tofauti baina ya pepo na ghururi, huenda angezisikia zote tatu kwa pamoja, akatabasamu.

Aidha, urithi wenyewe haukuwa safi hata ukaharibiwa na watalii. Nyumba za mawe zilikuwa nyumba za tabaka moja. Utajiri uliojaza vidaka ulitokana na biashara na mashamba yaliyolimwa na watumwa, na mikono iliyobeba mawe ya matumbawe haikuruhusiwa kukaa katika chumba ilichokijenga. Nyimbo na ngoma za watu hao zilikuwa na ujumi wake, ambao haukuchongwa ukutani na kwa hivyo haupigwi picha. Mhakiki anayelilia chumba cha ndani bila kumkumbuka aliyelala nje yake anaililia nusu ya historia. Utenzi wenyewe unamtangulia katika hilo: hausifu vidaka, unavitaja ili kuwasuta waliovitegemea. Hapa pana kejeli ambayo haiwezi kukwepwa. Kuuhifadhi ukuta kwa sababu ni mzuri, na kuuhifadhi peke yake, ni kufanya jambo lile hasa ambalo mshairi aliukanya moyo wake usilifanye.

Serikali na mashirika ya kimataifa nayo yamehifadhi kile kinachoweza kupimwa. Mji wa Kale wa Lamu ulitangazwa rasmi kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1986, na mwaka 2001 ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hatua hizo zilistahili pongezi, kwani bila hizo saruji ingekuwa imeimeza sehemu kubwa ya mji. Lakini ramani ya hifadhi huchora kuta, vichochoro na mipaka. Mizani ya sita haina mahali katika ramani. Huko Shela sanaa mpya inayovutia wageni nayo imekuwa ya jicho: mwaka 2011 lilianza tamasha la wachoraji, ambapo wasanii wa kigeni huja kuchora mashua, milango na nyuso za wenyeji. Kazi zao nyingine ni za kupendeza. Ni jambo la kufikirisha, hata hivyo, kwamba kijiji kilichogombewa kwa mashairi kinatembelewa kwa brashi, na kwamba mgeni anaweza kukaa Shela mwezi mzima, akatazama kila kitu, asisikie ubeti hata mmoja.

Udhaifu wa mpango huu umedhihirika zaidi ya mara moja. Mwaka 2011 wageni walitekwa nyara katika sehemu za Lamu, mmoja wao katika ufuo wa Manda unaotazamana na Shela. Mwaka 2014 yakatokea mauaji ya Mpeketoni katika nchi kavu ya Lamu, na amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Kila mara mashua zilifungwa, mafundi wakarudi nyumbani, na nyumba zilizokarabatiwa vizuri zikabaki zimefungwa na vidaka vyake vitupu. Hapo ndipo Shela ilipofanana na Pate ya utenzi kwa namna ambayo mshairi asingeitarajia: kuta nzima, chokaa nyeupe, mabomba yanatiririsha maji, na hapana sauti ya mtu. Gofu lilikuwa limepatikana bila jiwe kuanguka.

Washairi wa Lamu wenyewe hawakungoja wahakiki wawaeleze hatari hii. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, aliifanya kazi ya maisha yake kuwa kuyaokoa maneno kabla vitu vyake havijapotea. Katika Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, alitunga ujenzi wa jahazi zima katika utenzi, kipande kwa kipande, ili jina la kila ubao na kila kamba liwe na mahali pa kukaa. Katika Umbuji wa Mnazi, wa mwaka 1985, alifanya hivyo kwa mnazi na matumizi yake. Watu waliomjua kwa maneno aliyoyabuni, kama vile runinga na ngamizi, huenda wasione kwamba kazi hizo mbili ni moja: alikuwa akiandaa lugha ambayo fundi na msomi wangeweza kuizungumza pamoja. Naye Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, ajulikanaye kama Ustadh Mau, tangu Wasiya wa Mabanati wa mwaka 1974 ameendelea kutunga juu ya mambo ya mji wake, na tungo zake zilienea kwa kanda za kusikilizwa kabla ya kuenea kwa kurasa. Wote wawili walifahamu kwamba tungo za huku huishi kwa sauti, na kwamba kitabu ni ghala lake.

Ikiwa ndivyo, lawama haiwezi kutupwa Shela peke yake. Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya zimeihifadhi Al-Inkishafi kwa uaminifu mkubwa. Imo katika silabasi, imo katika mitihani, imo katika tasnifu. Lakini aghalabu imehifadhiwa kama mwenye nyumba wa Disemba anavyohifadhi nyumba yake: imesafishwa, imepangwa, imefungwa. Mwanafunzi hufundishwa kuhesabu mizani asiyoisikia, na kutaja jazanda za chumba asichokiona. Huko Shela kuna kuta zilizopoteza matini yake. Madarasani kuna matini iliyopoteza kuta zake. Nusu hizi mbili ni za kitu kimoja, na umbali uliopo baina yao ni safari ya siku mbili tatu tu kwa basi na mashua, safari ambayo hakuna bajeti ya idara iliyowahi kuiona kuwa ya lazima.

Lipo jambo moja dogo linaloweza kufanywa kabla ya yale makubwa. Mafundi waliobaki na beti chache kama yule mzee hawajulikani idadi yao, na si wengi. Kila mmoja ana usomaji wake: mahali pa kutua, neno linalotofautiana, mpangilio usiofuata kitabu. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada, huku wakilalamika kwamba Al-Inkishafi imekwisha kuandikiwa kila linaloweza kuandikwa, wangepewa kinasa sauti na nauli. Wasiende kukusanya masalia ya utenzi kana kwamba wanaokota vigae. Waende kusomewa, na wasome pia, kwa kuwa mzee yule alizikumbuka beti zake pale tu aliposikia ubeti ukisomwa vibaya.

Mwanafunzi aliyetajwa hapa aliimaliza tasnifu yake. Katika sura ya pili alibadilisha aya mbili kuhusu mapumziko ya mizani ya sita, na katika tanbihi akalitaja lile neno lililotofautiana, akieleza kwamba alilisikia kwa fundi wa plasta akiwa kazini. Katika kikao cha utetezi, mtahini mmoja, mtu makini na mwenye haki ya kuuliza, aliigonga tanbihi hiyo kwa kalamu.

"Chanzo hiki hakina ukurasa," akasema. "Kinathibitishwaje?"

Mwanafunzi alifikiri kidogo. Angeweza kutaja nadharia ya fasihi simulizi, kwani alikuwa ameisoma. Badala yake aliomba ruhusa, akausoma ubeti wote kwa sauti mbele ya jopo, akitua pale alipofundishwa kutua. Chumba kilikuwa kidogo, chenye kuta za saruji na rafu za chuma zilizojaa tasnifu za miaka iliyopita. Alipomaliza, mtahini hakusema neno kwa muda. Kisha akamwomba ausome tena, na safari hii akafumba macho.

Tanbihi hiyo haikuondolewa. Inasomeka: fundi, Shela, mdomoni mwake, akichonga.